Nilimzuia Mke wa Mwanangu Kwenda Kwao Mwaka Mpya, na Tarehe Nilikuwa Naijua

Assalaam alaykum admin. Jina langu lifiche. Mji si lazima kuuficha, maana Ibra hii ina wajane wa Kizanzibari wengi wa umri wangu, na kila mmoja atamdhania mwenzake. Nina miaka sitini na nne. Nimezaliwa Unguja mjini, nikaletwa Oman nikiwa msichana. Naishi na mke wa mwanangu na mjukuu wangu wa miaka minne. Mwanangu mwenyewe anafanya kazi Nizwa, hurudi Alhamisi na kuondoka Jumamosi jioni.

Mke wa mwanangu nitamwita Lan. Ni Mvietnamu. Walikutana Malaysia masomoni, akasilimu, wakaoana. Alipoletwa hapa nilinuna mwaka mzima, sifichi. Lakini mtoto yule alinishinda kwa adabu. Kiswahili amejifunza kwangu kabla ya Kiarabu, shikamoo haimpiti, na Jumatano tukienda soko la wanawake yeye ndiye anayebeba kikapu na kunitafutia pa kukaa. Ananiita Ma. Binti zangu wa kuzaa hawanifanyii hivyo, na kama wanasoma hapa basi wasome.

Kwao wana mwaka mpya wao, wanauita Tet. Unafuata mwezi, kama sikukuu zetu. Kila Mvietnamu aliye ugenini hupanga safari yake wakati huo, kwa sababu mkesha wake ukoo mzima hula pamoja. Lan hajaenda tangu aolewe: mara mimba, mara mtoto mchanga, mara mguu wangu ulipovunjika. Safari hii baba yake alikuwa anaumwa figo. Akampigia simu, akamwambia, "Tet hii njoo, nimwone mtoto." Lan akapanga siku kumi, yeye na mwanawe, na akaanza kuweka halua na ubani kwenye sanduku.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Tet ya mwaka huu ilikuja pamoja na Ramadhani. Mwanangu alitaka kukata tiketi mapema, tangu Rajab, miezi miwili kabla. Nikamwambia, "Sikukuu ya mwezi haikatiwi tiketi. Ngoja mwezi uandame, usije ukampeleka mtoto wa watu akakuta siku zimepita." Hapa kwetu hata Ramadhani tunangoja kutangaziwa jioni yake, kwa hiyo maneno yangu yalimwingia. Lan akacheka kidogo, akasema, "Ma, kwetu tarehe inajulikana mwaka mzima kabla." Nikamjibu, "Kwani kwenu mwezi hamuutazami?" Mwanzoni wallahi nilikuwa naamini ninachosema. Lakini Alhamisi moja mwanangu alinionyesha tarehe kwenye simu yake, imeandikwa wazi. Nikamwambia, "Simu haiandami mwezi." Akairudisha simu mfukoni. Hajawahi kunibishia tangu mdogo.

Kwa hiyo nilijua. Niliendelea kuwazungusha kwa sababu sikutaka aende. Niliogopa akimpeleka mjukuu wangu kule hatorudi naye. Tena nilitaka Ramadhani iwe na watu ndani ya nyumba, si mimi na televisheni. Ilipofika Shaaban ndege zimejaa, zilizobaki ni za kuzunguka nchi tatu na mtoto mdogo mgongoni. Mwanangu akasema, "Khalas, mwakani inshallah." Lan akasema sawa. Akatoa nguo za mtoto sandukuni, akazirudisha kabatini.

Ramadhani haijamaliza wiki, baba yake akafa. Saa ya mazishi tulikuwa jikoni tunakunja sambusa. Lan aliisimamisha simu kwenye kopo la unga akatazama baba yake anazikwa, na mikono yake bado ina unga. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikashindwa kujizuia, nikalia kwa sauti. Akageuka yeye, mfiwa, akanishika mabega. "Usilie, Ma. Ma hakujua."

Bora ningekufa mimi wakati ule. Mamangu alifia Unguja na mimi niko huku, nimenyimwa karatasi za safari. Habari niliipata kwa barua, ameshazikwa wiki tatu. Uchungu ule nimeubeba maisha yangu yote, na bado nimempa mwenzangu kwa mkono wangu.

Alhamisi mwanangu alipokuja nilimkuta sebuleni peke yake. Akaniambia, "Mama, wewe ulijua. Nilikuonyesha." Nikamwambia, "Na wewe mwanamume mzima, kwa nini hukukata tiketi?" Akasema, "Nilikuogopa." Halafu akasema hatomwambia mkewe, hilo ni langu na Mola wangu. Tangu siku hiyo ananisalimia, anakula chakula changu, basi.

Sasa kuna safari. Kwao siku ya mia ya maiti ndugu hukusanyika. Lan hatofanya yale ya dini yao, anataka kukaa na mama yake tu. Tiketi zimeshakatwa, na mojawapo ni yangu. Kaiomba yeye. Jana alikaa miguuni kwangu, akaniambia, "Twende sote, Ma. Mama yangu anataka kukushika mkono. Anataka kukushukuru kwa kunilea."

Nikimwambia ukweli, atakwenda na mtoto na sitowaona tena, na haki yake. Nikinyamaza, nitakaa mbele ya mjane yule nishukuriwe, kisha nirudi Ibra niitwe Ma mpaka nife. Nimeomba toba, lakini toba bila radhi ya niliyemdhulumu naona haikamiliki, na radhi yake siwezi kuiomba bila kumwambia.

Sitaki ushauri wa mama wakwe wenzangu, wao watanitetea. Nawauliza nyinyi mlioolewa mbali na kwenu, mliozika wazazi kwa simu: mngetaka kuambiwa?