Mbegu Niliyoifuata kwa Kuku wa Gerezani

Ninyi vijana mnaopenda kila kitu kifanane na mwenzake, someni polepole. Miaka ile ya Ujamaa bwana shamba alituletea Ukinga ngano mpya, yote kimo kimoja, imesimama kama askari wa gwaride. Ya kwetu akaiita vurugu: ndefu, fupi, nyeupe, nyekundu. Tukaiacha. Ugonjwa wa kutu ulipoingia, uliikuta ngano sawasawa, ukaila sawasawa. Usawa tuliupata.

Mvua zinakaribia, nyumbani hakuna punje ya kupanda. Nikakumbuka gunia la ngano ya zamani nililompelekea mdogo wangu Ludia, anayeuza chapati Dar es Salaam.

Makambako nikapanda treni. Abiria mmoja akauliza nafuata nini mjini.

"Mbegu ya ngano."

Akacheka hadi akakohoa. "Bibi, mbegu hutoka shamba!"

Nikamwacha. Nauli nilijilipia mwenyewe.

Asubuhi, Dar es Salaam. Joto lilinipokea kabla ya ndugu. Nikakatiza Kariakoo, katikati ya maduka ya Wakinga wenzangu waliokimbia baridi, mpaka mtaa wa Gerezani, uani kwa Ludia.

"Shikamoo, dada!"

"Marahaba. Gunia liko wapi?"

"Hata maji hujanywa!"

"Maji hayakimbii. Gunia?"

Akanionyesha ungo kwa fahari. Ngano iliyobaki alikuwa ameichambua: nyeupe nono za chapati kando, nyekundu nyembamba anawarushia kuku.

"Wateja wa hapa, dada, chapati ikiwa nyekundu wanasema nimeiunguza."

"Mwaka wa kutu ya utotoni mwetu, hiyo nyekundu ndiyo iliyokulisha wewe!"

"Basi kuku wangu hawataugua kutu."

Nikawafukuza kuku, nikapiga magoti, nikaokota punje moja moja, wapangaji wakitazama kama sinema. Kisha nikachota na nyeupe.

"Hizo nazo za nini?"

"Ugonjwa wa mwakani utapenda rangi gani? Umekuambia?"

Akanishonea kifuko.

Kurudi, kifuko nilikifunga kiunoni, nikalala nimekilalia. Tukapanda punje zote pamoja, nyekundu na nyeupe. Kutu ikaja tena. Safari hii mimea mingine ilianguka, mingine ikasimama, tukala. Nilichojifunza ni kwamba jicho la mtu huchagua kilichonenepa tu.

Wa nyumbani kwangu, waliokwisha kuanza kuchambua mbegu wakiwa wamekaa vitini, niliwaambia: "Inukeni! Nendeni shambani kutu ikiwa imekolea. Kila suke lililosimama lifungeni uzi liwe mbegu, refu kwa fupi, jekundu kwa jeupe. Na atakayelila lenye uzi, asije kwenye chungu changu."