Uso wa Lonnie, jina la Delbert

HARLAN FALLS, Ohio. Saa kumi na mbili asubuhi, Delbert Yoakum amepiga magoti juu ya kichuguu cha mrusha mpira, katikati ya uwanja wa besiboli, anashindilia udongo kwa chuma kizito. Magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Akitaka kuinuka, anainuka kwa awamu mbili, huku akiguna.

Nje ya uzio gari la mizigo linapunguza mwendo. Dereva anatoa kichwa dirishani.

"We mzee! Paa limeshazibwa?"

"Bado! Siku hizi naoga bila kufungua bomba!"

Dereva anaondoka akitikisa kichwa. Si yeye peke yake. Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita mji huu umepigwa na butwaa, na haujazinduka bado.

Yoakum ana umri wa miaka 71. Ndiye anayekata nyasi za uwanja huu, anayechora mistari kwa chokaa na kufukuza mbwa wa watu. Analipwa dola 16 kwa saa, na majira ya baridi, uwanja ukifunikwa na theluji, halipwi kitu. Anaishi peke yake katika nyumba ambayo paa lake lilianza kuvuja masika iliyopita. Fundi alimwambia bei, naye akacheka, kwa kuwa kulia hakungesaidia.

Lakini Yoakum hakuwa fukara kabisa. Ndani ya Biblia ya marehemu mama yake alikuwa na kadi moja.

Wakati wa ujana wake alirusha mpira katika mechi tatu za ligi kuu, kabla bega halijamsaliti. Masika ya 1977 kampuni ya kadi za picha za wachezaji, zile ambazo watu hukusanya na kuuziana, ilitoa kadi yenye nyuso nne ndogo za warushaji chipukizi, kila uso na jina lake chini. Mmoja wa wanne hao alikuwa Gil Castellano, ambaye baadaye alitikisa nchi. Kwa ajili yake, kadi hiyo leo inatafutwa kwa udi na uvumba. Jina la nne, pembeni kulia, ni D. Yoakum.

Uso ulio juu ya jina hilo si wake.

"Siku ya kupigwa picha nilikuwa kwa daktari nang'olewa jino," anasimulia, akifuta udongo viganjani. "Mpiga picha akaita, 'Yoakum!' Lonnie akajibu, 'Nipo!' Akakaa kitini. Alikuwa mwenzangu wa chumba, mtu wa mizaha kweli kweli. Wiki iliyofuata timu ikamfukuza. Kadi ilipotoka nikacheka mpaka mbavu zikauma."

Hakumwona tena Lonnie Pruett.

Miaka yote hiyo watu walimtumia Yoakum kadi hiyo kwa posta ili aisaini, naye akasaini, juu ya uso wa mtu mwingine. Ile yenye uso wake halisi ilitolewa na timu yake ya ligi ndogo na kuuzwa karibu na kibanda cha soseji. Hiyo haina thamani.

"Kadi yenye uso wangu si ya kweli," anasema. "Na ya kweli haina uso wangu. Haya, niambie wewe msomi, mimi nimewahi kuwapo?"

Hukumu hiyo si yake. Ni ya Marlene Dombrowski, mwanamke mwenye sauti kama kengele ya shule, ambaye ameuza kadi maisha yake yote na amevunja mioyo ya watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Kila maonyesho watu humletea maboksi ya viatu yaliyojaa matumaini.

"Wanadhani kadi yoyote ya zamani ni kadi ya chipukizi," anasema. "Siyo! Ya timu ndogo, hapana. Iliyotolewa bure na pakiti ya mkate, hapana. Ya kweli ni ya kwanza ya ligi kuu, iliyotoka kwenye zile pakiti za chingamu zilizouzwa madukani nchi nzima. Basi. Nyingine ni picha za kupendeza, katundike chooni."

Jumamosi ile, katika maonyesho ya kadi kwenye ukumbi wa zimamoto, Yoakum alimpelekea kadi yake. Dombrowski alivaa miwani, akaigeuza kadi chini ya taa mara mbili. Wanaomjua walijua kwamba kugeuza mara ya pili ni habari njema.

"Delbert, hii haijawahi kuguswa. Pembe zote nne kali. Elfu mbili na mia sita, na nakulipa sasa hivi."

Hilo ni paa zima, na chenji ya kununua koti. Yoakum aliketi kusubiri, akaagiza hotdogi.

Wakati Dombrowski anahesabu noti, alifika mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani. Jina lake ni Rhonda Pruett, mpishi wa shule kutoka Akron. Aliweka mezani kadi iliyochakaa hadi ikawa laini kama kitambaa. Ilikuwa imekaa ndani ya pochi ya mwanamume miaka mingi, na pembe ya kulia ilikuwa nyeupe tupu.

"Samahani, mama. Natafuta kama hii, ila safi. Hata ikiwa imekatwa. Ninahitaji uso mmoja tu."

"Wa Castellano?"

"Hapana. Huu uliofutika. Huyu ni baba yangu."

Dombrowski alimtazama juu ya miwani. "Mpenzi, huyo ni Delbert Yoakum. Yuko pale, anakula."

Yoakum aliacha kutafuna.

"Si kweli," Rhonda alisema, na sauti yake ikapanda. "Baba alifanya kazi kiwanda cha matairi mpaka mapafu yakaharibika. Alikuwa akitoa hii kadi kila Krismasi, anatuambia, 'Nilikuwa ligi kuu kwa muda wa kamera kukonyeza jicho.' Kaka zangu walimcheka, kwa sababu ya hilo jina. Alikufa Februari. Sina picha yake ya ujana hata moja, nyumba yetu ya zamani iliungua. Nataka kuona macho yake tu."

Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia. Waliokuwa karibu waligeuka kutazama, halafu waliokuwa nyuma yao.

"Nilidhani ulikuwa mzaha," Yoakum alisema. Alisema hivyo mara mbili. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa anayochorea mistari. "Miaka yote nilidhani Lonnie anacheka, huko aliko."

"Sikiliza, dada," Dombrowski alisema, kwa upole aliojaaliwa. "Nasikitika. Lakini sheria ni sheria. Kadi hufuata jina, haifuati uso. Baba yako hakucheza ligi kuu, hana kadi ya chipukizi."

"Uso ndio uliokaa kitini, Marlene," alisema Yoakum.

Akainuka, kwa zile awamu zake mbili. Akaichukua kadi yake mezani, pembeni mwa noti, akaitoa kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akachukua kalamu ya wino iliyokuwa imefungwa kamba kwenye meza.

"Delbert! Usithubutu! Ukiichora haiuziki! Delbert, paa lako!"

Kilio hicho kilisikika hadi barabarani. Mtu mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwingine alifumba macho kabisa, kama mtu anayeona gari linamgonga mtoto. Yoakum alikata jina lake kwa mstari mmoja mnene, na chini yake akaandika: *Huyu ni Lonnie Pruett. Nashuhudia. D. Yoakum.* Akapuliza wino ukauke, akamkabidhi binti wa Lonnie.

Rhonda hakushukuru. Aliinamia kile kiuso kidogo kama kucha ya kidole gumba, akasema, "Kumbe mimi ndiye nina macho yake," kisha akakaa sakafuni palepale na koti lake la kijani.

Wapo wanaosema Yoakum ni mwendawazimu. Angempa tu bila kuichafua, au angeiuza akampa nusu. Maji yakimwagika hayazoleki. Dombrowski hakumsemesha siku nne. Siku ya tano alimpelekea turubai la kufunika paa, akalitupa kibarazani na kuondoka bila kubisha hodi.

"Najuta?" anauliza Yoakum. "Najuta mvua ikinyesha. Ikikatika, naacha."

Bado anapokea barua za watu wanaotaka saini yake. Ana mpango. Kuanzia sasa, kila atakayemtumia kadi hiyo atarudishiwa ikiwa na maneno yale yale aliyomwandikia Rhonda. Wasiotaka wasitume.

Mwandishi alipoinua kamera ili ampige picha akiwa juu ya kichuguu chake, Yoakum aliweka kiganja mbele ya lenzi.

"Mimi nimeshaonekana vya kutosha kwa jina langu," alisema. "Rhonda atawatumia kile kiuso, mkikuze. Wekeni hicho. Na chini muandike jina lake, safari hii."

Picha iliyo juu ya habari hii ni ya Lonnie Pruett.