Mshale na Harufu ya Mvua

Msimu wa karafuu, hapo kwetu Mgogoni, mama hakutandika jamvi kabla hajaniuliza mimi. Nilikuwa na pua ya mvua. Nikisema tuanike, tunaanika. Nikisema tuanue, hata chakula kinaachwa. Sikuwa mzuri wa sura wala wa kusoma. Hilo ndilo lililokuwa langu.

Mwaka mmoja akaja mpiga picha kutoka Chake Chake, akakaa kwetu siku nne. Alikuwa na kidude cha kupimia mwanga, kinaenea kiganjani, akampa mdogo wangu akishike. Si mimi. Alitueleza kuwa chini ya kioo mna bamba lililopakwa dawa nyeusi. Mwanga wa jua ukilipiga, linatoa umeme, na umeme ule unapita kwenye uzi mwembamba na kuusukuma mshale. Hakina mawe ya betri kama kurunzi. Mdogo wangu akakifunika kwa kiganja, mshale ukalala; akaondoa mkono, ukapanda. Watu walipiga vigelegele. Mimi roho iliniuma, nikatamani kianguke kivunjike.

Tangu hapo mama akanisahau. "Vipi mwanangu, jua latosha?" alimuuliza mdogo wangu, naye akiusoma mshale kwa madaha kama bibi arusi.

Siku ya nne mshale ulipanda hadi mwisho. "Latosha, mama!" Wakaanika karafuu zote. Mimi nikasikia harufu ya mvua kutoka upande wa Pujini. Nilijua kidude kile hupima jua lililopo sasa hivi tu, la baadaye hakilijui. Mgeni mwenyewe alisema, ila walikuwa wakishangilia, hawakumsikia. Nikanyamaza. Mwache aumbuke, nilisema moyoni, na nilifurahi.

Mvua ilishuka ghafla. Tulikimbia tukavuta majamvi, lakini nyingi zilirowa, na karafuu iliyorowa hupauka ikawa mpeta, haifai tena. Mdogo wangu alilia, akikitikisa kile kidude na mshale umelala.

"Na weye, hukuisikia?" mama aliniuliza.

"Sikuisikia."

Mama aliitazama kamba ya nguo nyuma yangu. Nguo za nyumba nzima zilikuwa zikichuruzika maji. Kanga yangu peke yake ilikuwa ndani, juu ya kitanda, kavu, nimeshaianua.