Mwanga wa Kushukia Kisimani

Kwenye ukingo wa kisima kimoja huko Mtongwe, saruji ilipokuwa bado mbichi, mtu alichora kwa ncha ya msumari: M. MWIDANI 9-3-71. Maandishi yangalipo. Aliyeyachora ni Matano Mwidani, na siku hiyo alikuwa amemaliza kisima cha kwanza alichokichimba bila ya babake kusimama juu na kumwelekeza.

Tangu hapo amechimba vingine, lakini kazi yake hasa ni kuvisafisha. Watu wa Likoni husafisha visima wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali na maji yamepungua. Matano hushuka, akazoa tope na mchanga, akatoa vyuma vya ndoo zilizokatika kamba, akagonga mwamba kwa patasi mpaka jicho la maji lizibuke. Masika yakianza, kazi imekwisha. Maji hupanda, na kuta zilizolowa haziaminiki. Kwa hiyo mtu wa kazi hii ana miezi michache tu katika mwaka, na mwaka huu wa 1992 nusu yake ilipita Matano akiwa amekaa barazani.

Hakuwa mgonjwa. Aliyeumwa ni mkewe, Mwanarehema, na bila ya Mwanarehema kisima ni shimo la giza.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kwanza huteremshwa koroboi iliyowashwa. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya na hashuki mtu. Ikirudi inawaka, huzimwa na kuwekwa kando, kwa maana hakuna mwenye nyumba anayetaka maji yanayonuka mafuta ya taa. Kisha Matano hufungwa kamba kiunoni. Kamba hiyo huishika Musyoka, mzaliwa wa Machakos aliyeacha vibarua vya bandarini akaamua kuvuta mtu badala ya magunia. Halafu Mwanarehema husimama juani na kioo cha kabati lililokuja na harusi yake, akalikamata jua na kulitupa chini.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kuinua kioo tu. Mwanarehema hakuwa akimwona mumewe. Alikuwa akimsikiliza. Patasi ikigonga mwamba mkavu alijua yuko upande gani, ndoo ikikwaruza alijua ameinama, na mwanga ulikuwa umeshafika pale kabla Matano hajaomba. Mwaka wa 1986, katika kisima cha jirani, aliupitisha mwanga ukutani juu ya kichwa cha mumewe na kuona jiwe limeachana na wenzake. Matano alipandishwa, na jiwe likaanguka walipokuwa wakinywa chai.

Mwezi wa Disemba bega lake la kulia liliganda. Mkono haukupanda kupita sikio, na daktari akamkataza kuuinua. Walimjaribu mpwa wao Mwarandu, mtu mzima mwenye nguvu zake. Mwarandu alimmulika Matano machoni asubuhi nzima, na Matano alipotoka alikuwa akiona madoa mekundu hata akifumba macho.

Ndipo Mwanarehema alipotoa hukumu.

"Bila mwanga ninaouamini mimi," alimwambia, "hushuki. Kama ni kuacha, tutaacha."

Matano alimjibu kwamba angenunua tochi ya mawe, ya betri za kawaida, kama wanavyofanya wengine. Mwanarehema akamkumbusha kwamba tochi ya mawe inataka mawe mapya kila baada ya visima viwili, na kwamba yeye Matano huyaanika mawe yaliyokwisha juani na kuyarudisha, akijidanganya kuwa yamefufuka. Wakati huo mawe manne yalikuwa yameanikwa juu ya bati.

Mwanarehema akavaa buibui, akaenda mwenyewe kwa Ishaka, mwenye duka la vifaa vya umeme njiani kuelekea feri.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe tochi za kuchaji."

"Ya nyumbani?"

"Ya mume."

Ishaka akacheka. "Huyo mume hupotea?"

"Hushuka chini ya ardhi akapotea kwa hiari yake. Nionyeshe."

Ishaka alipanga tochi tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye meno mawili nyuma ya kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Mwanarehema aliiwasha, akaigonga kiganjani. Mwanga ukapepesa.

"Hii inakonyeza," akasema, akairudisha. "Sitaki tochi inayomkonyeza mume wangu."

Ya pili ilikuwa ndefu, rangi ya fedha, yenye kichwa kipana kama bakuli. Ishaka aliiwasha na kuuelekeza mwanga kwenye pembe ya duka, na hata mchana ule duara jeupe lilionekana ukutani. "Hii, wallahi, ukisimama hapa unammulika mtu ng'ambo. Ndiyo wanayonunua walinzi wa Nyali."

"Walinzi wa Nyali hulinda mageti. Geti halina maji."

Ya tatu ilikuwa kisanduku chekundu, kifupi, kizito, chenye mkono juu kama wa birika. Ishaka hakuisifu. Alisema ni ya wazee, mwanga wake umetawanyika, na imekaa pale tangu mwaka juzi. Mwanarehema alizipima mkononi hizo mbili, akauliza zinakaa muda gani zikiwaka. Ishaka alisema saa nyingi. Akaulizwa nyingi ni ngapi. Akasema inategemea.

"Basi zichaji zote mbili zijae, nizichukue nikazitazame. Mchana dukani kila tochi ni nzuri."

Ishaka hakudai rehani. Maji ya chai yake hutoka katika kisima ambacho Matano hukisafisha kila kaskazi, na mwaka huu yalikuwa yameanza kuwa na chumvi na mchanga.

Majaribio yalifanyika nyumbani Jumanne iliyofuata. Baada ya sala ya alfajiri Mwanarehema aliziwasha tochi zote mbili, akaziweka ndani ya stoo ya nazi isiyo na dirisha, akafunga mlango. Alitaka kuona kila moja inakufa vipi. Kila alipomaliza kazi moja ya jikoni alikwenda kuchungulia, kama mtu mwenye kuku anayeatamia.

Matano alimweleza Musyoka jambo hilo kwa dharau kidogo.

"Tochi ni ya kumulika, si ya kukalia matanga."

"Mzee Matano, wewe tayari umeshachagua," alisema Musyoka. "Naona unavyochungulia ule mlango. Ni ile ndefu."

"Ni nzuri au si nzuri?"

"Ni nzuri. Lakini mimi sina ruhusa ya kupenda kitu hapa kabla Mama Kafedha hajapenda."

Kafedha ni binti yao mkubwa, aliyeolewa Kisauni.

Saa nne Mwanarehema aliingia jikoni kuandaa chai ya pili. Matano akafungua stoo. Tochi nyekundu ilikuwa bado inawaka, lakini mwanga wake umepoa kidogo. Ile ndefu ilikuwa nyeupe vilevile kama ilivyowashwa. Kwa mtu aliyelelewa na tochi za mawe, hilo lilikuwa na maana moja tu. Mawe yakianza kuisha, mwanga hugeuka manjano, kisha mwekundu, ukakupa muda wa kukusanya vyombo vyako. Mwanga mweupe ni mwanga wenye nguvu. Matano akaamua kwamba tochi ndefu imeshinda, na kwamba mkewe akitoka jikoni atamkuta na jibu.

Waliteremsha koroboi, ikarudi inawaka. Kisima cha nyumbani kina pima sita, na Matano anakijua kama mdomo wake. Aliitia tochi kifuani ndani ya shati, kichwa chake kipana kikiwa nje, akashuka akikanyaga vidato alivyovichonga mwenyewe ukutani, Musyoka akimwachia kamba taratibu.

Mwanarehema alitoka na birika na vikombe, akaona kamba imenyooka na mlango wa stoo uko wazi. Akaweka birika chini.

"Nani yuko humo?"

"Mama Kafedha," alisema Musyoka, bila ya kugeuza kichwa, "mimi ni mtu wa kamba tu."

Mwanarehema akainama ukingoni. "Baba Kafedha! Toka. Hiyo tochi inawaka tangu alfajiri."

"Naona kila kitu!" Sauti ilipanda ikiwa na furaha ya mtu aliyekaa barazani miezi miwili. "Naona hata mizizi ya mkorosho imeingia huku! Mwanarehema, hii ni kali kukushinda we—"

Mwanga ukakatika. Haukufifia wala haukupepesa. Ulikuwapo, kisha haukuwapo.

Ukasikika mlio wa kitu kinachoingia majini. Musyoka alijifunga kamba mkononi na kukita visigino. "Mzee!"

"Ni patasi," ilisema sauti. Haikuwa na furaha tena. "Sioni kidato. Nimejigeuza, sijui nimeelekea wapi."

Kuvuta mtu mzima asiyepata pa kukanyaga, mkono wa mtu mmoja hauwezi, na Matano alilijua hilo kama Musyoka alivyolijua. Angeteleza wangeanguka wote wawili, mmoja majini na mwingine juu yake.

Mwanarehema alishaondoka ukingoni. Kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani mwa jikoni tangu Disemba, kimefunikwa kanga. Alikichukua, akakiinua kwa mikono yote miwili, na bega alilokatazwa kuliinua likapanda kupita sikio. Alitoa sauti moja ndogo. Jua likaruka kutoka kwenye kioo, likagonga ukuta wa kisima, likateremka, likatua kwenye mkono wa Matano ulioshika mwamba.

"Umeelekea jikoni," akasema. "Kidato kiko kushoto, chini ya goti. Hapo. Sasa mkono."

Alimpandisha kidato kwa kidato. Kichwa cha Matano kilipotokea, Mwanarehema aliteremsha kioo, akakaa chini, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto.

Matano alikaa karibu naye akidondosha jasho. Musyoka alimimina chai, akampa Mwanarehema kwanza.

"Ilikuwa nyeupe," alisema Matano mwishoni. "Wallahi ilikuwa nyeupe."

"Nimeona."

"Mawe hayafanyi hivyo. Mawe hukuaga."

"Ndiyo nilikuwa nangoja nione ni ipi inayoaga," alisema Mwanarehema. "Wewe ukaenda na ile isiyoaga."

"Mimi nilishasema sina ruhusa ya kupenda," alisema Musyoka kwenye kikombe chake.

"Musyoka, shika kamba. Ulimi hauvuti mtu."

"Kamba nimeshaiachia, mzee. Umeshatoka."

Ndipo Mwanarehema akacheka, akashika bega, akasema asichekeshwe.

Tochi nyekundu ilikuwa bado inawaka ndani ya stoo. Waliburura mkeka hadi mlangoni, wakakaa watatu kuitazama. Ilikuwa imegeuka rangi ya samli. Tangu hapo mpaka ilipobaki nyuzi nyekundu ndani ya globu ulipita muda wa kuchambua mchele, kuupika na kuula, na hawakuwa na haraka ya kula.

Kwa ukali, tochi nyekundu ilishindwa vibaya na ndefu. Matano alilisema hilo zaidi ya mara moja, kwa huzuni.

"Si kali."

"Unataka kali ya nini? Unasoma msahafu humo chini?"

"Nimezoea jua, mama. Miaka ishirini umenimulika kwa jua."

Mwanarehema alitazama pembeni. Musyoka akasema labda yeye arudi baadaye.

Lililobaki lilikuwa ni nani ataishika. Mtu aliye kisimani akishika tochi, amebaki na mkono mmoja, na mkono mmoja haushiki patasi na nyundo. Matano ndiye aliyeutazama ule mkono wa tochi ulio kama wa birika, akaenda kuchukua kamba nyembamba, akaifunga pale na kuining'iniza tochi juu ya maji. Kwa kuwa mwanga wake umetawanyika, ungeujaza ukuta pande zote bila ya kuelekezwa. Kamba ile iliweza kushikwa na mtu aliyekaa, kivulini, kwa mkono wa kushoto.

"Yaani bado unanitaka ukingoni," alisema Mwanarehema.

"Nani mwingine atajua nimeinama?"

Mwanarehema alifikiri kidogo. Kisha akaweka sharti, mbele ya Musyoka awe shahidi. Mwanga ukigeuka samli, Matano hupanda papo hapo, hata kama jicho la maji limebakiza pigo moja. Hakuna kubishana kutoka chini. Atakayebishana, kioo kitavunjwa na tochi itarudi dukani, na watalima muhogo.

"Nimesikia," alisema Matano.

"Si kusikia. Umekubali?"

"Nimekubali."

Ishaka alirudishiwa tochi ndefu siku ya pili yake, akashangaa. Alisema tangu afungue duka hajapata kumwona mteja aliyeacha tochi kwa kosa la kuwaka vizuri mpaka mwisho. Mwanarehema alimshauri asimuuzie mtu wa kisima, akamwombea dua njema, akatoka. Bega limeumia upya, na daktari amemgombeza. Mwenyewe anasema lingeuma vivyo hivyo hata angekaa.

Visima vinavyowangoja ni vingi kuliko siku zilizosalia kabla ya mvua, na wamekubaliana kuvichukua vile vyenye haja zaidi tu. Tochi nyekundu iko kwa Ishaka, inachajiwa. Jumamosi saa mbili asubuhi Matano atashuka kisima cha shamba moja karibu na Shelly Beach, Musyoka akiwa kwenye kamba kubwa na Mwanarehema kwenye kamba ndogo.