Godoro la Pumzi Mbili

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja pombe. Mke wangu yuko hai. Kamuulize analala chumba gani.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi, na mashamba ya Kisii yalikuwa yanapimwa. Mimi nilitoka kule ziwani, nikaandikwa kazi ya kuvuta mnyororo wa mpima ardhi. Mchana haikuwa kazi mbaya. Ubaya wake ulikuwa jioni. Mpima alipanda gari akalale mjini, mimi nikabaki mlimani kulinda vigingi visihamishwe. Na nyumba ya mtu huingii! Ukilala kwa huyu, jirani yake atasema umehongwa kuku ili mpaka upindishwe. Kwa hiyo watu walinisalimia mchana, jua likizama wakafunga milango. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, nikaongea na sufuria. Upweke ule ulinitesa kuliko baridi, niamini.

Na baridi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ardhi ya kule juu inanyonya joto la mwili hata ukilalia mablanketi mawili. Ndipo nikaenda soko la Daraja Mbili kutafuta godoro la kupuliza, yale ya mpira na turubai ambayo walowezi waliyaacha walipofungasha. Sikununua kijinga. Yalikuwapo mawili. Moja lilikuwa nene, zuri, lakini ukilibeba mlimani utafika umekufa. Lile jembamba nililipuliza palepale, watu wakinicheka, nikalipitisha shavuni polepole nisikie kama linavuja. Halikuvuja. Kasoro yake ilikuwa kizibo tu: kiligoma kutoka kwa vidole, mpaka ukivute kwa meno.

Nikajifunza kulitumia. Unaondoa changarawe kwanza, unatandika majani ya mgomba lisitobolewe, na hulijazi likakaza kama ngoma, la sivyo utabingirika usiku kucha.

Jioni moja, upande wa Nyacheki, nilipata mahali pazuri, tambarare, palipoinuka kidogo, nyuma ya migomba iliyoachwa bila kupaliliwa. Siku hiyo nilikuwa na kikohozi. Nikapuliza, godoro likafika nusu, pumzi ikaniishia. Nikakaa chini, kichwa kinazunguka.

"Kijana, umechoka," sauti ikasema. "Lete mimi nisaidie."

Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye migomba, koti refu, miguu mitupu. Mtu ananisemesha jioni! Unajua nilivyofurahi? Sikuuliza jina wala alikotoka. Nikampa godoro.

Akapuliza mara moja. Narudia: mara moja. Kifua chake hakikupanda wala kushuka, na godoro likajaa. Akakirudisha kizibo.

"Sasa pumzi yako na yangu iko pamoja," akasema. "Mimi sina mtu ya kuniamkia asubuhi."

"Karibu chai, mzee," nikamwambia, nikainama kuchukua sufuria. Nilipoinuka hapakuwa na mtu.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbilia wapi, na milango yote imefungwa? Nililala. Na nililala vizuri kuliko usiku wowote wa kazi ile. Godoro lilikuwa linapanda na kushuka chini yangu, taratibu, nami nikajiambia ni kifua changu tu.

Alfajiri nikavuta kizibo kwa meno kama kawaida. Upepo ukaniingia mdomoni, wa baridi, una harufu ya moshi wa jikoni. Nikajaribu kuutema. Badala yake mdomo wangu ukasema, kwa sauti isiyo yangu, "Bwakire!" Hiyo ndiyo salamu yao ya asubuhi.

Mama mmoja alikuwa anapita na kikapu chake cha kuchumia chai. Akasimama ghafla.

"Wewe mtu ya mnyororo," akasema, "nani amekufundisha sauti ya huyo mzee?"

"Mzee gani, mama?"

Akanyoosha kidevu kuelekea nilipokaa. "Huyo umelala juu ya kaburi yake. Nyumba yake ilikuwa hapo, ilianguka. Watoto walienda Kericho, hawakurudi. Kila asubuhi alikuwa anasimama kwa njia angoje mtu wa kumwambia bwakire. Sisi tulikuwa tunapita tu, tuko na haraka. Hata siku alikufa, hakuna mtu alijua."

Kisha akanitazama machoni, lakini hakuwa ananitazama mimi. "Bwakire, baba," akajibu kwa sauti ndogo, akaondoka mbio.

Godoro nililichoma siku hiyohiyo. Haikusaidia. Mpaka leo, kila alfajiri, kabla sijafumbua macho, mdomo wangu hutoa salamu ile. Mke wangu anasema nikilala anasikia watu wawili wakipumua. Alivumilia miaka, maskini, kisha akahamisha kitanda chake. Watoto wakija kututembelea hulala kwa jirani. Inaniuma, lakini siwalaumu.

Kwa hiyo wewe unayependa kupanda milima na godoro mgongoni, chagua jepesi, lipitishe shavuni, tandika majani. Lakini pumzi ikikuishia, lalia hiyohiyo nusu. Usikubali mtu usiyemjua akupulizie, hata kama una hamu ya kusemeshwa kiasi gani. Mimi nilitaka mwenzangu mmoja tu, nikampata. Asubuhi akisema "Bwakire," namjibu, maana chumbani hamna mwingine wa kumjibu.