Mkono Niliochelewa Kuuachilia

Niliondoka kijijini kwetu Nyamarambe kabla ya Uhuru, nikazurura Mombasa na Kampala hadi mvi zikaniota. Mwaka huu nimerudi, nikapata kazi ya maabara katika hospitali moja mjini Kisii. Juzi akaingia Kemunto, yule niliyemwahidi zamani kwamba ningerudi mapema. Alikuwa na kizunguzungu.

"Bwakire, Kemunto," nilimsalimu kwa Kigusii, nikimpa mkono. Mkono wake ulikuwa laini kwa mafuta ya kujipaka, mkono nilioukumbuka kila mji niliolala. Nikasahau kuuachilia.

"Unapima damu au mkono?" akauliza.

Nilimtoa damu, nikaichanganya na dawa katika kichupa cha kioo, nikakitia kwenye mashine ya mwanga. Damu ikiwa nyingi, rangi hukolea, mwanga hupita kidogo na sindano ya kipimo hupanda. Ilipanda sana! Nikafurahi kana kwamba damu ile ni yangu.

"Una damu ya fahali. Nenda nyumbani ukapumzike."

Mkubwa wangu, Mama Nyaboke, alimfunua Kemunto jicho kabla hajatoka, akaona ndani peupe kwa kukosa damu. Akakitoa kichupa, akakiinua dirishani. Alama za vidole vyangu zilikuwa zimeganda pale kwa mafuta, zikiziba mwanga. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha. Sindano ikashuka mpaka karibu na sufuri. Kemunto alipaswa kulazwa siku hiyo hiyo, nami nilikuwa nimemwambia aende nyumbani.

"Mzee mzima wewe," akasema mbele ya wagonjwa wote, "mafuta haya umeyatoa wapi?"

Kemunto alikuwa ameshauficha mkono wake ndani ya leso.