Vidole vya Mchambua Omena

Priscah hakusoma sana, lakini macho yake hayakuhitaji shule. Sokoni Migori, alikouza omena, dagaa wadogo wa kisiwa cha Mfangano, tangu bintiye Awino akiwa mgongoni, aliweza kumtofautisha mnunuzi na mpita njia kabla hawajafungua mdomo. Awino alipopatikana na saratani ya titi, macho hayo yote yakamhamia yeye.

Dawa za kwanza, zile nyekundu, zilimnyoa nywele na kumtapisha, kisha zikaisha. Sasa kila baada ya wiki tatu walikwenda hospitali Homa Bay kutundikiwa dripu ya dawa ya pili. Hii haikumtapisha. Awino alianza kula, akarudi kibandani kuchambua changarawe na vigamba kwenye omena.

"Awino, siku hizi una maringo!" akamtania Mong'ina, jirani yao muuza ndizi. "Mtu akikusalimu unaitikia ungo!"

"Ungo hauna umbea kama wewe."

Wakacheka wote, isipokuwa Priscah. Mchambua omena hatazami ungo. Vidole ndivyo vinavyotazama, macho yanabaki ya kupiga soga na kuita wateja. Awino alichambua hivyo tangu utotoni. Leo alikuwa ameinamia ungo kama mtu anayesoma barua, na bado changarawe zilimpita.

Wateja walipopungua, Priscah akamsogelea. "Nyathina, mwanangu, funga macho." Akamwekea kitu kidogo kwenye ncha za vidole. "Ni nini?"

"Omena."

Awino alipofumbua macho aliona changarawe. Akakunja ngumi haraka.

"Ganzi hiyo imeanza lini?"

"Tangu dripu ya pili ya dawa hii. Ni kama nimevaa glavu. Lakini Mama, usiwaambie kule hospitali. Watanipunguzia dawa. Wagonjwa wenzangu wanasema ikikuumiza ndiyo inafanya kazi. Nimefika nusu, niupe ugonjwa nafasi?"

Priscah naye alikuwa na hofu hiyo hiyo: je, akisema, mtoto apunguziwe dawa, halafu saratani irudi? Lakini alijua pia kwamba anayeficha maradhi, kilio humuumbua.

"Utasema wewe," akamwambia, "au nitasema mimi."

Siku ya kliniki damu ilipimwa, ikaonekana nzuri. Sista Nyasuguta akauliza maswali yake ya kila mara: homa, kutapika, vidonda mdomoni, ganzi?

"Hakuna, Sista. Niko sawa kabisa."

Priscah akakohoa. "Sista, hebu mwambie afunge vifungo vya sweta akitazama dirishani."

"Mama!"

"Naam, ni mimi."

Awino akatazama dirishani. Kifungo kikatangatanga, kikakosa tundu, kikaponyoka. Sista akaweka kalamu chini, akamwita daktari.

Daktari Bogonko aligusagusa vidole vile kimoja kimoja kwa kipande cha pamba. "Dawa hii huchokoza mishipa ya fahamu," alisema. "Tukijua mapema tunapunguza dozi, au tunasogeza siku, na matibabu yanaendelea. Tukichelewa, saratani inaweza kwenda na ganzi ikabaki."

"Na nikipunguziwa, Daktari, si itakuwa haifanyi kazi?"

"Dozi yako tuliipima kwa kilo na urefu wako, hatukuipima kwa uvumilivu wako. Kupunguza kidogo si kuacha. Kuna wanaoumia sana na kuna wasioumia, na wote dawa inawafanyia kazi. Leo utapata dozi pungufu kidogo. Ukija tena tutakuuliza, na utujibu ukweli."

Daktari alipotoka, Awino alimgeukia mamake. "Umeniuza kama omena."

"Kwa bei nzuri," Priscah akajibu, "na gorogoro la kupimia limejaa."

Awino alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. Sista alipoleta dripu, Awino akainua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Sista, kabla hujaitundika. Si vidole tu, hata nyayo. Juzi nilikanyaga kaa la moto jikoni, sikuhisi kitu. Nilijua tu niliponusa harufu ya kuungua."

Priscah, aliyedhani hakuna kinachompita, akaitazama miguu ile. Kisha akapiga magoti, akamvua bintiye kiatu, na hapo unyayoni palikuwa na lengelenge lililopasuka.

Sista akairudisha dripu mezani. "Umefanya vizuri kusema. Daktari alione hili kwanza. Dripu itasubiri."